Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Jinsi ya Kulihifadhi Shanta katika Safari ya Ndege

Barabara itokayo Dodoma kwenda Iringa ifikapo Mtera hupita juu ya ukuta wa bwawa. Upande mmoja maji ya Mto Ruaha Mkuu yametanda mpaka upeo wa macho. Upande wa pili mto uleule unashuka tena bondeni, mwembamba, ukielekea Kidatu. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1970 ili kuiwekea akiba ya maji mitambo ya umeme ya Kidatu, na mtambo wa Mtera penyewe, wenye uwezo wa megawati 80, ulianza kazi mwaka 1988. Kando ya maji wapo wavuvi, ndege wa majini, viboko na mamba. Nyuma yao imesimama mibuyu, migunga na vichaka vya nchi kavu.

Miongoni mwa abiria washukao mahali hapo wamo wachache wenye mashanta mgongoni: wanafunzi waliokuja kupima udongo au maji, watafiti wa ndege, na watu wapendao kutembea kwa miguu. Achukuliwe mmoja wao kuwa mfano. Ametoka mbali, akasafiri kwa ndege hadi Dodoma, kisha akapanda basi. Sasa anashuka Mtera, anaokota shanta lake, na anapotaka kulivaa anagundua kwamba mkanda wa kiunoni umekatika na bizimu lake limepotea. Vitu vyote vilivyomo ndani ni salama, hakuna kilichoibwa. Hata hivyo safari yake imeharibika. Mbele yake kuna siku tatu za kutembea kwenye jua kali, na kila lita ya maji atakayoibeba ina uzito wa kilo moja. Mzigo ambao ungekaa nyongani sasa utaning'inia mabegani. Kabla ya adhuhuri itambidi achague kati ya kupunguza maji na kurudi alikotoka.

Kilichokatika ni utepe wa upana wa vidole viwili. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini ndicho kilichokuwa kiungo kati ya mtu na mzigo wake. Makala haya yanaeleza kwa nini utepe huo hukatika katika safari ya ndege, na namna ya kuzuia jambo hilo kwa vifaa vinavyopatikana katika soko lolote la Tanzania.

SHANTA NA MTUMBA

Shanta la safari ndefu si mfuko wa kawaida. Ni chombo kilichobuniwa kwa kufuata umbile la mwili wa binadamu. Nyuma yake kuna fremu, yaani fito nyembamba za aluminiamu au bamba la plastiki ngumu, ambazo huupokea uzito na kuushusha hadi kwenye mkanda wa kiunoni. Mkanda huo ukikazwa vizuri, sehemu kubwa ya uzito huhamia kwenye mifupa ya nyonga na miguu, na mabega hubakiwa na kazi ndogo ya kulizuia shanta lisiyumbe. Kuna mkanda mwingine mfupi wa kifuani, na pembeni zipo tepe za kubana mzigo. Kila utepe una bizimu lake, na mabizimu mengi siku hizi ni ya plastiki.

Kwa hiyo shanta zuri lina mikia mingi. Mgongoni mwa mtu mikia hiyo ni msaada. Katika mashine na mikononi mwa wapakizi ni hatari. Hapo ndipo lilipo jambo kuu la somo hili: shanta limetengenezwa kwa ajili ya mgongo, lakini uwanja wa ndege hauna mgongo. Kabla ya kulikabidhi, msafiri hana budi kuligeuza kwa muda liwe kitu kingine. Kitu hicho wazee wa nchi hii walikifahamu vizuri, nacho ni mtumba.

Neno mtumba leo huwakumbusha watu nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo. Asili yake ni robota, yaani mzigo wa nguo uliofungwa na kukazwa. Katika karne ya 19 mitumba ya namna hiyo ilipita Ugogo kwa maelfu, mabegani na vichwani mwa wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Kabla ya kuingia Ugogo misafara ilipaswa kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji mazuri, ambamo mzigo uliofunguka ulimchelewesha mwenye nao na kumweka katika hatari ya kiu. Kwa sababu hiyo nguo zilikunjwa, zikazungushiwa mkeka mgumu, zikakazwa kwa kamba mpaka zikawa kitita kirefu mfano wa mto wa kulalia. Mara nyingi kitita hicho kilifungiwa fito za mti ubavuni ili kisipinde na kisiguse udongo mbichi kilipoegemezwa kwenye mti. Hapakuwa na ncha iliyoning'inia wala pembe iliyojitokeza.

Uzito wa kawaida wa mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili. Frasila ya pwani ni ratili 35, yaani karibu kilo 16. Frasila mbili ni kama kilo 32. Ni sadfa ya kupendeza kwamba kilo 32 ndicho kikomo ambacho mashirika mengi ya ndege yamekiweka kwa kipande kimoja cha mzigo, kwa ajili ya kulinda migongo ya wapakizi. Nazo ndege ndogo ziwapelekazo watalii katika viwanja vya mbugani, kama kile cha Msembe katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa kawaida humruhusu abiria kilo 15 tu, katika mfuko laini usio na umbo gumu. Hiyo ni frasila moja kasoro kidogo. Katika Mlima Kilimanjaro mpagazi wa leo hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20. Mbebaji amebadilika na njia zimebadilika, lakini kipimo cha kile ambacho mwili wa mtu mmoja unaweza kukiinua hakikubadilika sana.

SAFARI ISIYOONEKANA

Abiria akiisha kupima mzigo wake hupewa kipande cha karatasi, na shanta hupotea nyuma ya mapazia ya mpira. Safari linayoianza huko haonyeshwi mtu, kwa hiyo yafaa ielezwe.

Katika viwanja vikubwa mzigo hulazwa juu ya mkanda wa mashine unaoendeshwa na mota. Mkanda huo si mmoja. Ni mingi, na kila unapoishia mmoja na kuanzia mwingine pana mwanya mwembamba. Mzigo hupita katika mashine ya kuchunguza kwa mionzi, hugeuzwa kona, husukumwa na mikono ya chuma kwenye njia nyingine, na hatimaye huteremka kwa mtelezo hadi chini. Sanduku gumu hupita mianya hiyo bila kushikwa. Utepe ulegeao, kinyume chake, waweza kuingia katika mwanya na kuvutwa. Mota haina hisia. Haijui kwamba kilichonaswa ni mkanda wa kiunoni. Huendelea kuvuta, na kilicho dhaifu zaidi ndicho kinachokatika. Kwa kawaida hicho huwa bizimu la plastiki au mshono unaoshikilia utepe.

Baada ya mashine huja mikono ya watu. Katika viwanja vidogo kazi yote, tangu mwanzo hadi mwisho, hufanywa kwa mikono. Mpakizi anayo mizigo mingi na muda mchache, naye hushika kile kinachoshikika. Shanta lina mikanda miwili mikubwa ya mabegani, na kila mtu huona ni mishikio. Mkanda wa bega umeshonwa uvutwe kwenda chini taratibu, na kwa kawaida mikanda yote miwili hufanya kazi pamoja. Unaposhikwa mmoja na shanta la kilo 20 likarushwa upande, uzito wote pamoja na nguvu ya mrusho huangukia mshono wa sentimita chache. Kosa si la mpakizi. Alipewa kitu ambacho hakikuonyesha mahali pa kukishika.

HESABU YA MWANGUKO

Madhara ya pili ni ya kuanguka. Hapa fizikia ya sekondari yatosha kutoa mwanga.

Shanta la kilo 20 likianguka kutoka urefu wa mita moja, nishati linayoifikisha chini ni karibu jouli 196. Nishati hiyo haina budi kumalizwa wakati shanta linaposimama. Likiangukia pembe ngumu, kwa mfano sufuria iliyowekwa karibu na kitambaa, na likasimama ndani ya sentimita 2, wastani wa nguvu ya kulisimamisha ni karibu nyutoni 9,800. Hiyo ni sawa na uzito wa tani nzima uliowekwa mahali padogo. Lakini shanta lilelile likiangukia mfuko wa kulalia au sweta zilizokunjwa, likabonyea sentimita 10 kabla ya kusimama, nguvu hiyo hupungua hadi karibu nyutoni 1,960, yaani sehemu moja ya tano. Mwanguko ni mmoja na mzigo ni mmoja; kilichobadilika ni umbali wa kusimama.

Hesabu hiyo ina mafundisho mawili. La kwanza, vitu laini vikae nje na vitu vigumu vikae ndani, kama kiini cha tunda. Mfuko wa kulalia uwekwe chini kabisa, nguo zizunguke pande zote, na sufuria, tochi na vyombo vya vipimo viwe katikati. La pili, shanta lisiachwe na nafasi tupu. Vitu vinavyocheza ndani huendelea kwenda baada ya mfuko kusimama, vikagongana na kutoboa. Sufuria ijazwe soksi. Viatu vijazwe nguo ndogondogo. Hata fremu hupata nafuu, maana shanta lililojaa sawasawa huisaidia isipinde, na lililo nusu tupu huiacha ibebe pigo peke yake.

KULIGEUZA SHANTA KUWA MTUMBA

Kazi hii huchukua kama robo saa, na yafaa ifanyike nyumbani badala ya kwenye foleni ya kupimia mizigo.

Kwanza, kila kilichofungwa nje kiingizwe ndani: mkeka wa kulalia, kikombe, fimbo za kutembelea, chupa. Kitu kinachoning'inia nje ya shanta si mali ya msafiri tena. Ni mali ya mashine ya kwanza itakayokinasa. Fimbo zifupishwe na kulazwa ubavuni mwa fremu, ambapo zitafanya kazi ya zile fito za mtumba wa zamani.

Pili, mikanda yote ikazwe mpaka mwisho. Mkanda wa kiunoni usifungwe mbele kama unavyovaliwa. Ugeuzwe nyuma, ulikumbatie shanta kwa upande wa tumbo lake, kisha bizimu lifungwe huko na kukazwa. Ncha za tepe zilizobaki zikunjwe na kufungwa kwa uzi au kipande cha mpira. Mashanta mengine yana kifuniko cha zipu kinachoificha mikanda yote ya mgongoni, aliyenacho akitumie. Ukaguzi wake ni rahisi: msafiri alipapase shanta lote akiwa amefumba macho. Mahali popote ambapo kidole kinaweza kupita chini ya utepe na kuuvuta, mashine nayo itaweza.

Tatu, shanta livishwe vazi la juu. Vazi hili ndilo litakalochubuka badala ya shanta lenyewe. Yapo yanayouzwa tayari, yaliyoshonwa kwa nailoni nyepesi na kufungwa kwa zipu, lakini hakuna ulazima wa kuyanunua. Gunia safi la sandarusi, lile ambalo wengi huliita salfeti, ni vazi imara na jepesi. Fundi cherehani akilikata kwa kipimo cha shanta, akalikunja mdomo na kupitisha kamba, akashona ubavuni mishikio miwili mifupi ya utepe mpana, kazi imekwisha. Mishikio hiyo ni ya maana sana. Mpakizi akipata mahali pazuri pa kushika hatatafuta pengine. Mfuko mkubwa wa mirabaraba ambao watu kwa mzaha huuita «shangazi kaja» nao hufaa, mradi zipu yake isaidiwe kwa kuzungushiwa kamba mara mbili.

Mdomo wa vazi usishonwe kwa shazia kama gunia la mahindi. Maofisa wa usalama wana haki ya kuufungua mzigo wowote, na wasipoona njia ya kuufungua wataukata. Kamba inayofunguka na kufungika tena hulinda mzigo kuliko mshono usiofunguka.

Sandarusi ina adui mmoja, nalo ni jua. Mionzi yake huzivunja molekuli ndefu za plastiki, na gunia lililoachwa nje katika jua la Dodoma kwa miezi kadhaa huanza kupukutika unga. Nailoni ya shanta lenyewe hudhoofika pia kwa njia hiyo, ingawa polepole. Kwa sababu hiyo vazi na shanta vyote vihifadhiwe kivulini baada ya safari, na gunia kuukuu lisiaminiwe kwa sababu tu bado halijatoboka. Livutwe kwa mikono miwili; likichanika mkononi, lingechanika njiani.

Baadhi ya wasafiri wamezoea kulitia shanta katika mfuko mkubwa wa plastiki nyepesi. Njia hiyo haifai kwa sababu mbili. Plastiki nyepesi huchanika katika kona ya kwanza, na vipande vyake huwa tepe mpya za kunaswa. Aidha, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya tangu mwezi Agosti 2017. Wageni waingiao nchini wametakiwa wasije nayo.

KISICHOFAA KUWEKWA NDANI

Usalama wa shanta hauwezi kutengwa na usalama wa ndege inayolibeba. Mitungi midogo ya gesi ya kupikia hairuhusiwi kabisa, si katika chumba cha mizigo wala mkononi. Inunuliwe mwisho wa safari. Jiko la mafuta huweza kukubaliwa endapo tangi lake limemwagwa, likasafishwa na kukaushwa mpaka halina hata harufu, na msafiri aulize shirika lake mapema. Kisu na fimbo hukaa katika mzigo wa kukabidhi.

Betri za akiba za lithiamu, pamoja na zile za kuchajia simu ziitwazo pawa benki, ziko kinyume: hazikabidhiwi, bali hubebwa mkononi. Betri ya namna hiyo ikigongwa au vituo vyake vikigusana yaweza kupata joto, na joto hilo likaanzisha mabadiliko ya kikemia yanayozalisha joto zaidi, mpaka moto ukawaka. Likitokea hilo karibu na abiria, wahudumu huliona na kulizima. Likitokea katika chumba cha mizigo, hakuna wa kuliona.

Chupa nazo zataka maelezo. Hewa ndani ya ndege kubwa hubanwa, lakini haibanwi kufikia kiwango cha pwani. Yaweza kushuka hadi kiwango cha mahali palipo mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Huko kanieneo ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya pwani. Chupa ya dawa ya mbu iliyofungwa Dar es Salaam ikiwa nusu tupu itaona hewa iliyomo ikitaka kutanuka kwa theluthi moja. Ikifungwa Mtera, ambako bwawa liko karibu mita 700 juu ya bahari, mtanuko huo ni karibu robo. Katika ndege ndogo za mbugani hewa haibanwi kabisa. Dawa yake ni kuiminya chupa laini ili hewa itoke kabla ya kuifunga, kukaza kizibo, na kuitia ndani ya chombo cha pili. Mafuta yakivuja katika mfuko wa kulalia huharibu usingizi wa safari nzima.

ALAMA NA HAKI YA MSAFIRI

Kibandiko kinachofungwa katika mzigo kina mistari myeusi na namba yenye tarakimu kumi. Tarakimu tatu kati ya hizo hulitambulisha shirika la ndege, na sita za mwisho huutofautisha mzigo huo na mingine. Mashine husoma mistari hiyo na kuamua mzigo uende wapi. Kwa hiyo vibandiko vya safari za zamani viondolewe vyote, kwa kuwa mashine ikisoma cha mwaka jana yaweza kuupeleka mzigo alikokwenda msafiri mwaka jana. Kibandiko kipya kifungwe katika mshikio wa vazi la nje, na jina na namba ya simu viandikwe mara mbili: juu ya vazi, na kwenye karatasi iliyo ndani ya shanta. Kibandiko cha nje kikichanika, karatasi ya ndani itasema.

Katika safari za kimataifa haki za abiria zimewekwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mmoja wa wanachama wake. Mzigo ukiharibika, abiria apeleke malalamiko kwa maandishi katika muda usiozidi siku 7 tangu alipoupokea. Ukichelewa, siku 21 tangu alipokabidhiwa. Kikomo cha fidia, tangu mwishoni mwa Desemba 2024, ni vizio 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kiasi cha dola 2,000 za Marekani hivi. Mkataba huohuo huliondolea shirika lawama pale madhara yanapotokana na kasoro ya mzigo wenyewe. Picha ya shanta lililofungwa vizuri, iliyopigwa kabla ya kulikabidhi, yaweza basi kuwa ushahidi mzuri kuliko maneno mengi.

Lakini haki hiyo hudaiwa uwanjani, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Shanta lifunguliwe na kukaguliwa kabla ya kutoka nje ya jengo. Yule msafiri wa mfano hakulitazama shanta lake Dodoma; alilitazama Mtera, zaidi ya kilomita mia moja baadaye, ambapo hapana meza ya malalamiko na ambapo hawezi tena kujua kama mkanda ulikatwa na mashine au na keria ya basi.

KUTOKA NDEGE HADI BASI

Vazi la mtumba lisivuliwe mara ndege inapotua. Mizigo ndani ya buti la basi husuguana kwa saa nyingi, na vumbi la nchi kavu hupenya kila zipu. Punje zake ni ngumu. Zikiingia katika meno ya zipu hulainisha vibaya kama jiwe la kunolea, mpaka zipu ikawa haishiki. Isitoshe, Mtera ni mahali pa samaki. Shanta lililosafiri chini ya tenga la samaki litabaki na ukumbusho wa safari hiyo kwa muda mrefu kuliko mwenyewe atakavyopenda. Vazi la sandarusi hufuliwa kwa maji na sabuni likakauka kwa nusu saa. Shanta huchukua siku nzima.

Mzigo ukilazimika kufungwa juu ya keria, kamba ichaguliwe vema. Ukanda wa mpira uliokatwa kutoka katika tyubu ya gari hupendwa kwa kuwa hujikaza wenyewe, lakini hutanuka kila gari linaporuka, mzigo ukainuka na kugonga chuma. Kamba ya katani haitanuki sana, ila husaga kitambaa. Njia nzuri ni kutumia vyote viwili: katani ya kuuzuia mzigo usiinuke, na mpira juu yake wa kuondoa ulegevu, vyote vipite juu ya vazi, wala visipitishwe katika mikanda ya mabegani.

Mwisho, msafiri abebe kifurushi kidogo cha dharura: sindano nene, uzi wa nailoni, bizimu moja la akiba la upana uleule wa utepe, na mita mbili za utepe wenyewe. Uzito wa vyote hauzidi ule wa kikombe cha maji. Akiwa navyo, mkanda uliokatika hushonwa chini ya mbuyu kabla chai haijapoa. Na asipojua kushona, fundi viatu wa karibu atamshonea, maana ufundi wa utepe na wa ngozi ni mmoja. Asipokuwa navyo, fundi atakuwapo lakini bizimu halitakuwapo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake ni kwamba uzito wa mzigo huujua aubebaye. Kwa mwingine ni mwepesi kama pamba ya msufi. Mpakizi wa ndege hajui kwamba utepe anaoushika ndio utakaobeba maji ya siku tatu katika nyika ya Mtera, na mashine haitajua kamwe. Anayejua ni mwenye shanta peke yake. Kwa hiyo na alifunge kama mtumba, alipe mishikio, aingize mikia yote ndani, na alikague kabla ya kutoka uwanjani. Akifika ukingoni mwa bwawa atalivua vazi lake, atalikunja, ataufungua mkanda wa kiunoni na kuufunga mahali pake. Mtumba utakuwa shanta tena, na safari ya miguu itaanza.